Ombwe la Injini Lipimwe Kabla ya Kununua Vipuri

Mashindano ya Safari ya mwaka 1971 na ya 1973 yalinyakuliwa na Datsun 240Z, gari la michezo lililotumia kabureta. Mrithi wake, 280Z ya mwaka 1975, alikuja na mfumo wa injekta unaoongozwa kwa umeme. Magari ya namna hii yanapozeeka, aghalabu lawama huangukia injekta au kompyuta, ilhali kasoro imo katika kipande cha mpira wa ombwe kilichopasuka.

Ombwe hili hutokana na pistoni kuvuta hewa wakati kilango cha throto kimefungwa. Kanieneo ya hewa ndani ya manifoldi hushuka, na mipira myembamba hupeleka ombwe hilo kwenye busta ya breki, kwenye kirekebishi cha kanieneo ya mafuta na kwenye distribyuta. Mpira ukipasuka, hewa huingia bila kupita katika kipimahewa. Kompyuta haina habari nayo, hivyo haiongezi mafuta. Mchanganyiko huwa na hewa nyingi mno, injini hutetemeka na sailensa haitulii.

Hapana budi kipimo kitangulie ununuzi. Lakini hata kipimo hudanganya kikisomwa bila kufikiri. Vitabu vingi vya ufundi husema kwamba injini nzima ya petroli, ikiwa katika sailensa, huonyesha ombwe la milimita 430 hadi 530 za zebaki. Takwimu hiyo ni ya usawa wa bahari. Misunkumilo, katika Manispaa ya Mpanda, ni mahali penye mwinuko wa takriban mita 1,100. Huko kanieneo ya hewa ni karibu milimita 665, wala si 760 kama pwani.

Kipimaombwe huonyesha tofauti kati ya hewa ya nje na ile iliyomo ndani ya manifoldi. Ikiwa ndani mna kanieneo ya milimita 280, Dar es Salaam kipimo kitasoma 480, na Misunkumilo kitasoma 385. Injini ni ileile, na afya yake ni ileile. Fundi anayefuata kitabu neno kwa neno ataihukumu kuwa mbovu, na mwenye gari ataagiza vipuri kutoka zaidi ya kilomita elfu moja kutibu ugonjwa usiokuwapo.

Baada ya hesabu hiyo, uchunguzi ufuate utaratibu wa maabara: kubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Injini ikiwa imezimwa, kila mpira ukaguliwe, hasa ncha zilizokauka. Kisha injini iwashwe, na mipira ibanwe mmoja mmoja kwa koleo laini. Ukibanwa mmoja na sailensa ikatulia, hewa inaingilia kwenye mpira huo, au kwenye kifaa ulichounganishwa nacho. Mluzi wa hewa waweza pia kusikilizwa kwa kipande cha bomba kilichowekwa sikioni, ncha ya pili ikiwa mbali na feni na mikanda. Desturi ya kunyunyizia petroli juu ya injini yenye moto, ili kutafuta panapovuja, yafaa ikomeshwe kabisa; imebeba hatari ya kuunguza gari na fundi pamoja.

Busta ya breki isisahauliwe. Injini ikiwa imezimwa, kanyagio la breki likanyagwe mara kadhaa, mguu ubaki juu yake, kisha injini iwashwe. Kanyagio likishuka kidogo, ombwe linafika. Lisiposhuka, gari hilo lisiende barabarani.

Wapo watakaosema kwamba magari ya michezo ni machache mno Katavi kustahili nafasi darasani. Hoja hiyo haina nguvu, kwa kuwa ombwe hilohilo husaidia breki za magari mengi ya petroli yanayobeba abiria kila siku. Wanafunzi wa sekondari hufundishwa kanieneo ya hewa kwa bomba la zebaki lililochorwa ubaoni. Yafaa mwalimu wa fizikia awapeleke gereji iliyo jirani, wasome kipimaombwe, watoe 95 kutoka takwimu za kitabu, na wamweleze fundi sababu yake. Fundi atapata hesabu, na wanafunzi watajifunza mkono wa fundi.