Matuta ya majaribio yaanze Mwanga na Ujiji

HAKUNA mkazi wa Kigoma anayetaka kurudi kwenye enzi za vumbi na mashimo. Mradi wa Miji ya Kimkakati, ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliiweka Kigoma-Ujiji pamoja na Tanga, Arusha, Mwanza, Dodoma, Mbeya na Mtwara, na barabara kadhaa za manispaa yetu zikapata lami. Baadaye mji ukaingizwa katika kundi la kwanza la miji ya mradi wa TACTIC, hivyo lami zaidi inategemewa.

Hiyo ni neema, na wakulima na wafanyabiashara wadogo wameifaidi. Nyanya hazifiki sokoni zimepondeka kama zamani. Lakini lami imekuja na tatizo lake. Shimo lililokuwa likimlazimisha dereva kupunguza mwendo limezibwa, na katika mitaa mingi ya makazi hakuna kilichowekwa mahali pake. Pikipiki, bajaji na magari sasa yanapita kwa kasi mlangoni mwa nyumba za watu, mbele ya genge la mama muuza dagaa na katikati ya watoto wanaotoka shule.

Kwa nini ukurasa wa kilimo na biashara uzungumzie jambo hili? Kwa sababu waenda kwa miguu na wapanda baiskeli wa mji huu ndio wasomaji wetu. Mkungu wa ndizi kutoka Mwandiga na dumu la mawese kutoka Simbo hufika sokoni mara nyingi juu ya baiskeli. Dagaa na migebuka kutoka mwalo wa Kibirizi hupanda kilima kwenda Mwanga vichwani mwa akina mama. Hao ndio wanaolipa ushuru wa soko kila siku, na ndio wasio na bati wala mkanda wa kuwakinga gari linapokosea njia.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mtaji wa Sh100,000. Akivunjika mguu na kulala wiki sita, mtaji huo hauwezi kumsubiri kitandani. Utalipa dawa, utalisha watoto, na siku atakaponyanyuka atakuwa hana cha kuanzia. Benki haimfahamu na bima hana. Kwa familia ya namna hiyo, ajali moja ya mtaani ni hasara sawa na msimu mzima wa mazao kuliwa na wadudu. Kwa nchi nzima hesabu ni hiyo hiyo kwa ukubwa mwingine: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani hugharimu nchi nyingi asilimia 3 ya pato lao.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Tunaona kwamba kwa mitaa ya ndani mwendo huo bado ni mkubwa. Gari lililo kwenye kilomita 50 hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja, kabla hata dereva hajagusa breki. Kwenye kilomita 30 hukata mita 8 hivi. Nguvu ya mgongano nayo hupungua hadi karibu theluthi moja. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 mahali ambapo watu na magari wanachanganyika.

Wapo watakaosema kuwa kupunguza mwendo kutachelewesha biashara. Tupige hesabu. Mtaa wenye urefu wa mita 500 hupitwa kwa sekunde 36 ukienda kilomita 50 kwa saa, na kwa sekunde 60 ukienda kilomita 30. Tofauti ni sekunde 24. Hakuna mzigo wa samaki unaooza kwa sekunde 24.

Hoja nyingine ina uzito zaidi, nayo ni ubaya wa matuta yenyewe. Matuta mengi nchini yamejengwa kwa kukisia: mafupi, yaliyosimama wima, yanayomwaga mawese, kuvunja mayai na kumwangusha mwenye baiskeli. Tuta lililojengwa kitaalamu huinuka taratibu, kimo chake ni sentimita 10 hivi na upana wake, kwa kufuata uelekeo wa gari, ni karibu mita 3.7. Pembeni huachwa nafasi ya baiskeli kupita na maji ya mvua kutiririka, jambo la lazima katika mji wa vilima kama wetu.

Kwa sababu hiyo hatupendekezi zege limwagwe kesho. Tunapendekeza majaribio. Mitaa miwili au mitatu ichaguliwe: mmoja karibu na soko la Mwanga, mmoja Ujiji, na mmoja katika njia za kuelekea Kibirizi. Viwekwe vizuizi vya muda: matairi chakavu yaliyopakwa rangi nyeupe, mapipa yaliyojazwa mchanga ya kubana njia panda ili gari likate kona polepole, vivuko vya rangi, na vibao vya kilomita 30. Njia ya mkato inayotumiwa na magari ifungwe kwa nguzo zinazopitisha baiskeli na mkokoteni tu. Majaribio yachukue miezi mitatu, yakiwemo majuma ya mvua, ili tuone maji yatakavyopita.

Kupima hakuhitaji mitambo. Pimeni mita 50, wekeni alama mbili, na mtu mmoja ashike saa. Gari linalozikata kwa chini ya sekunde 6 limezidi kilomita 30 kwa saa. Serikali ya mtaa ihesabu kabla na baada, iandike pia ajali na malalamiko, kisha mkutano wa mtaa uamue kipi kijengwe, kipi kisogezwe na kipi kiondolewe. Mkulima hafanyi tofauti na hapo anapoletewa mbegu mpya: huipanda kwanza kwenye robo eka.

Ushahidi upo hapa hapa nchini. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend liliweka matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule za msingi. Utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine ambazo zilikuwa hazijafanyiwa kazi ulionyesha kuwa watoto waliojeruhiwa barabarani walipungua kwa takriban asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Ng'ambo, mji wa Graz nchini Austria uliweka kilomita 30 katika mitaa yake ya makazi mwaka 1992 kwa majaribio ya miaka miwili. Wapinzani walikuwa wengi mwanzoni. Baada ya majaribio utaratibu ukawa wa kudumu.

Tunatahadharisha jambo moja. Mwananchi asiamke usiku akachimba mtaro au kupanga mawe barabarani kwa hasira, kwani atamuua mwenzake gizani. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Wenyeviti wa mitaa wapeleke maombi kwa maandishi, na Halmashauri ya Manispaa iyajibu kwa maandishi.

Rai yetu kwa Halmashauri na TARURA ni kwamba kila mtaa unaowekewa lami upangiwe vipunguza mwendo tangu kwenye mchoro, na fedha zake ziwemo ndani ya mkataba huo huo. Kwa mitaa ambayo tayari ina lami, majaribio yaanze mwaka huu wa fedha. Gharama yake ni rangi, mchanga na matairi yaliyotupwa. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na sisi tunaongeza kwamba akienda pole, hata aliye pembeni ya njia atafika nyumbani salama.