Lawino Hahitaji Wakalimani Wawili

Imekuwa desturi katika mikutano yetu ya walimu kwamba, mara fasihi ya tafsiri inapotajwa, wenzetu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema ya kuwa tafsiri si fasihi ya Kiswahili hata kidogo. Ni mali ya watu wengine iliyovishwa kanzu, na mwalimu mwenye vipindi vichache kwa juma hana sababu ya kuipotezea wakati. Kundi la pili hupokea tafsiri yoyote kwa mikono miwili, wala halijishughulishi kuuliza imetoka wapi, imepitia kwa nani, na njiani imedondosha nini. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosea, na kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa limejificha ndani ya ukarimu.

Kundi la kwanza tulijibu kwa ufupi. Anayedai kuwa tafsiri si fasihi ya Kiswahili hana budi kwanza aifute Hamziya, ambayo Sayyid Aidarus bin Athman aliifasiri kutoka shairi la Kiarabu la al-Busiri, na ambayo wajuzi wa ushairi wetu wa kale huihesabu miongoni mwa hazina zake. Kisha afute Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, vitabu viwili vya Julius Nyerere. Akimaliza kufuta, na atazame kilichobaki rafuni.

Hicho kitabu cha Mabepari kinafaa tukitazame kidogo, maana chatuonyesha faida ya kulinganisha. Jina la tamthilia katika Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio. Nyerere, alipoitoa tafsiri yake mwaka 1969, hakuandika 'mfanyabiashara', wala hakumtaja mtu mmoja. Aliandika 'mabepari'. Neno hili lilitufikia kutoka Bara Hindi, na huko maana yake ni mchuuzi tu, mtu wa biashara. Lakini mwaka 1969 ulikuwa ni mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, na mwananchi wa Tanzania aliyesikia 'bepari' hakufikiri juu ya mchuuzi. Alifikiri juu ya mnyonyaji. Basi neno moja lilitimiza kazi mbili: kwa asili yake lilikuwa aminifu kwa Shakespeare, na kwa maana yake ya siku zile lilikuwa hotuba. Mwanafunzi asiyelinganisha majina hayo mawili ataiona hadithi ya deni na ratili ya nyama, basi. Anayelinganisha atamwona mkuu wa nchi akisema na raia zake kwa kinywa cha mshairi wa Kiingereza. Hatudai kuwa alifanya vema au vibaya. Twasema kwamba pasipo kulinganisha hata swali lenyewe halizuki.

Sasa tuligeukie kundi la pili, na hapa tutakaa kitambo, kwa sababu jambo lenyewe limo nyumbani mwetu Uganda.

Okot p'Bitek alizaliwa Gulu mwaka 1931, akatunga wimbo wake mkuu kwa lugha ya mama yake, Kiacholi, akauita Wer pa Lawino. Yeye mwenyewe aliufasiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikapigwa chapa mwaka 1966. Kiacholi chenyewe kilipigwa chapa mwaka 1969. Kwa hiyo mtoto alitangulia kutambulishwa kwa watu, na mama akafuata nyuma. Mwaka 1975 kikatoka Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili, kazi ya Paul Sozigwa, kwa njia ya Kiingereza. Hatumlaumu Sozigwa. Alifanya kwa vyombo alivyokuwa navyo, na lau si yeye wengi wetu tusingekuwa na Lawino wa Kiswahili wa kumfundisha. Tunaowalaumu ni sisi tuliokuja baada yake, tukaona kazi imekwisha.

Kwa nini tuseme haikwisha? Tutatoa sababu nne.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Katika Kiacholi wimbo una sura kumi na nne. Katika Kiingereza cha 1966 zimo kumi na tatu. Sura ya mwisho Okot hakuifasiri. Taban lo Liyong aliiandikia makala maalumu mwaka 1993, na mwaka 2001 akatoa tafsiri mpya ya Kiingereza ya kazi nzima, The Defence of Lawino. Anayefuata Kiingereza cha 1966 hawezi kukutana na sura hiyo, hata awe fundi wa namna gani, kwani mlango huo haumo katika nyumba anayoingia.

Sababu ya pili ni ya haki. Shauri la Lawino ni nini? Mumewe Ocol amesoma, na sasa anamwonea haya mkewe kwa kuwa hajui Kiingereza, hajui kupika kwa jiko la kizungu, hajui kucheza dansi za kigeni. Ameleta mwanamke mwingine, Clementine, ambaye hayo yote anayajua. Okot alipotunga jibu la mume, Song of Ocol, lililotoka mwaka 1970, alilitunga kwa Kiingereza. Zingatieni mpango huo: mke amesema kwa Kiacholi, mume amejibu kwa Kiingereza, na ugomvi wao wote umo katika pengo hilo. Nasi Waswahili twafanyaje? Twamwambia Lawino, 'Mama, kabla hujasema nasi, kwanza jifunze lugha ya mumeo, kisha tutakusikiliza.' Dharau ile ile anayoilalamikia nyumbani kwake anaikuta tena kizingitini petu, na mlangoni tumesimama sisi, walimu wa lugha ya Kiafrika.

Sababu ya tatu ni ya sanaa. Katika sura ya pili Lawino anamzungumza huyo mwanamke anayeshiriki naye mume. Hamtukani kwa kelele. Humsifu, huomba radhi kwamba hana nia mbaya, na papo hapo humchora kuanzia midomo hadi nywele mpaka msikilizaji amechoka kucheka. Kiingereza cha vitabu hakina jina la sanaa hiyo. Msomaji wake huona mke mwenye wivu, akampa pole. Kiswahili kina majina tele: kijembe, fumbo, mpasho. Kina kanga zinazosema pale mwenye kanga anaponyamaza, kina taarabu ambayo jirani huimbiwa naye akajibu kwa wimbo mwingine. Kina pia neno 'mke mwenza', neno linaloishi midomoni mwa watu. Katika jambo hili Mswahili na Mwacholi ni majirani wa ukuta mmoja. Vivyo hivyo kwa majina ya ukoo: pale Kiingereza kinapotosheka na neno moja kwa watu wote wa upande wa ndoa, sisi tuna shemeji, wifi, mkwe na mwamu, na Kiacholi kina mgawanyo wake pia. Mfasiri anayetoka katika Kiingereza hana budi kubahatisha ni yupi. Anayetoka katika Kiacholi anajua.

Sababu ya nne ni methali ya boga, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa wimbo wote. Waacholi husema kwamba mboga wa boma la zamani haung'olewi. Mmea huo huendelea kuota peke yake mahali watu walipohama; mpita njia huchuma majani, huchuma matunda, na wakati wa njaa huokoa nyumba. Taban, katika tafsiri yake, aliliacha boga akaitaja maana waziwazi, akazungumzia utamaduni. Mswahili naye ana kishawishi chake: tayari tunayo methali 'Mwacha mila ni mtumwa', na ni rahisi mno kuichomeka pale, kila mtu akaridhika. Sisi twasema la hasha. Hebu zilinganisheni. Methali yetu ni hukumu: aliyeacha amekwisha kuwa mtumwa. Methali ya Waacholi haimhukumu mtu kwa kuhama. Boma limeitwa la zamani kwa sababu wenyewe wamekwisha kuhama. Wanachokatazwa ni kung'oa kile walichokiacha. Na Lawino hasemi zaidi ya hayo. Hamkatazi Ocol desturi za kigeni. Anamwomba asizitukane na kuziharibu za kwao. Tukimpa methali yetu, tumemgeuza mwanamke anayesihi kuwa kadhi anayekata hukumu, na wimbo wote umepotoka kwa neno moja zuri lililotumika mahali pasipo pake.

Tunajua tutakavyojibiwa. Wenzetu watasema, 'Mfasiri anayekijua Kiacholi na Kiswahili sawasawa atapatikana wapi?' Tuwaulize nasi: mmemtafuta wapi? Katika madarasa mengi ya nchi hii yupo kijana ambaye Kiacholi ni lugha ya nyumbani kwao, naye hufundishwa Kiswahili kwa maelezo ya Kiingereza, na kuambiwa lugha ya mamaye aiache nje ya mlango. Huyo ndiye mfasiri tunayemtafuta. Sisi ndio tuliomnyamazisha. Hata kama bado hajakomaa, kazi ya tafsiri si lazima iwe ya mtu mmoja. Mzee wa Kiacholi na mwalimu wa Kiswahili wakikaa mkekani pamoja, huyu akieleza na yule akiandika, kisha wakasomeana kwa sauti, watafika mbali kuliko bingwa mmoja aliyejifungia na kamusi mbili.

Wengine watasema kwamba njia ya Kiingereza ni fupi. Ni kweli, ni fupi, na kwa kazi za mbali huenda hatuna nyingine kwa sasa. Lakini kupita Ulaya ili kufika kwa jirani ni safari ya ajabu. Tena kuna mfano unaotufundisha. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Riwaya yake ya Paradise, iliyotoka mwaka 1994, ilifasiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Hapo mfasiri aliwarudisha katika Kiswahili watu ambao kwa dunia yao walikuwa Waswahili tangu mwanzo, na hakuna aliyeshangaa kwamba kazi hiyo ilitaka mtu aijuaye lugha yao. Ikiwa kwa Waswahili twaona hilo ni la lazima, kwa Waacholi twaliona anasa kwa sababu gani?

Lipo jambo jingine ambalo sisi wa Uganda hatuwezi kulikwepa. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Watu wengi wa nchi hii walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mwenye bunduki, na mpaka leo wapo wazee ambao wakisikia 'simama hapo' hupatwa na baridi. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Amri juu ya amri. Lakini lugha haiwezi kupendwa kwa amri. Mzazi wa Gulu anauliza, na ana haki ya kuuliza, Kiswahili kinamletea nini isipokuwa mtihani mwingine wa mtoto wake. Tungependa siku moja tumjibu: kimeleta wimbo wa Lawino kwa sura zake zote, umetolewa katika Kiacholi chako bila kupitia kwa mtu mwingine, na jina la mwanao limo miongoni mwa wafasiri. Jibu hilo lina nguvu kuliko azimio lolote la serikali.

Basi twapendekeza mambo matatu, na yote yanaweza kuanza muhula huu. Kwanza, mwalimu anayefundisha kazi ya tafsiri awaambie wanafunzi wazi imetoka lugha gani, imepitia lugha gani, na mwaka gani. Ni sentensi moja tu ubaoni, lakini bila hiyo mwanafunzi hudhani Okonkwo na Kaizari walizaliwa wakisema Kiswahili. Pili, kila darasa lenye wanafunzi wa lugha ya asili ya kazi hiyo liwape nafasi ya kusoma kipande chake kwa sauti, hata kama wengine hawaelewi. Wataisikia mizani, kisha wajaribu kukifasiri kile kipande wao wenyewe, na walinganishe na tafsiri iliyochapwa. Makosa yao yatawafundisha zaidi ya maelezo yetu. Tatu, chama chetu kifungue kurasa za jarida hili kwa tafsiri fupi zilizotoka moja kwa moja katika lugha za nchi yetu, na kila moja iambatane na maelezo ya mfasiri juu ya neno lililomshinda.

Hatudai kwamba tafsiri hizo zitakuwa kamili. Okot mwenyewe, mtunzi na mfasiri kwa pamoja, alikiri mwanzoni mwa kitabu chake cha Kiingereza kwamba katika kuifasiri kazi yake ameipunguza. Hasara katika tafsiri haiepukiki. Ila ni jambo moja kupata hasara mara moja, mkononi mwa mtu anayeijua mali aliyoibeba, na ni jambo jingine kupata hasara mara mbili kwa sababu hatukutaka kubisha hodi nyumba ya pili.