Injekta Haijafa: Waya Upimwe Kwanza

Wiki hii tunafungua boneti, kwa kuwa iko hitilafu moja ya magari ya zamani inayozitoa familia nyingi fedha bila sababu. Gari hutetema likiwa limesimama, hukosa nguvu kwenye mwinuko, na taa ya injini huwaka. Kifaa cha fundi husoma namba kama P0203, na mwenye gari huambiwa: "Injekta ya silinda ya 3 imekufa. Nunua nyingine."

Namba hiyo haikusema hivyo. Imesema tu kwamba njia ya umeme ya injekta hiyo ina kasoro. Na njia hiyo ina injekta yenyewe, soketi, nyaya mbili na kompyuta ya gari. Waya mmoja huleta umeme wa betri. Wa pili huenda kwenye kompyuta, ambayo huufunga na kuufungua upande hasi ili injekta inyunyize petroli. Ukikatika mmojawapo, injekta nzima hunyamaza kama iliyokufa.

Fundi mwadilifu hupima kwa mpangilio. Kwanza husikiliza: injini ikiwa inazunguka, huegemeza bisibisi ndefu juu ya injekta na kipini sikioni. Injekta inayofanya kazi hugonga kwa mfululizo. Iliyo kimya haifanyi kazi, lakini ukimya haujaeleza sababu.

Pili, huzima gari, huchomoa soketi na kupima ukinzani wa injekta kwa mita. Injekta nyingi za magari ya petroli ya miaka ya 1990 huwa kati ya omu 12 na 16, ingawa ziko aina zenye omu 2 au 3 tu. Kwa hiyo ailinganishe na wenzake watatu. Ikilingana nao, koili yake ni nzima, na mashaka yahamie kwenye waya.

Tatu, huwasha swichi na kupima soketi. Pini moja yapasa kuonyesha volti zilizo karibu na za betri, yaani 12. Umeme ukikosekana kwenye soketi zote, atazame fyuzi na rilei. Ukikosekana kwenye moja tu, waya huo una kasoro.

Nne, huchomeka taa ndogo ya majaribio penye soketi na kupiga stata. Taa yapasa kumemeta. Umeme ukiwapo na taa isimemete, huondoa betri na kupima waya wa pili kutoka soketi hadi kompyuta. Usomaji uwe karibu na 0. Waya ukiwa mzima, hapo ndipo kompyuta ishukiwe. Taa ikififia, huenda waya umeliwa na kubakiwa na nyuzi chache: mita huonyesha volti 12, lakini umeme hautoshi kufanya kazi. Kuutikisa waya taratibu wakati wa kupima hufichua mahali palipolegea.

Mara nyingi ubovu huwa karibu na soketi, ambapo joto la miaka limeikausha plastiki ikapasuka. Panya nao hutafuna nyaya, na kwetu pwani hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye pini. Tiba yake ni kusafisha pini, au kuunga kipande cha waya kwa risasi na kukifunika vyema. Kusokota na kuzungushia utepe peke yake hakudumu.

Petroli ya injekta hukaa kwa shinikizo. Sigara na moto visikaribie, na watoto wakae mbali.

Basi mama, dada au baba atakayefika gereji asione haya kuuliza: "Fundi, umepima nini, na umepata namba gani?" Fundi aliyepima atajibu. Asiyejibu hajapima, na fedha za nyumbani zisitoke mpaka apime.