Mawakala waseme mapema nani ananunua vifaa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana mafundi wanaopata kazi Marekani na Kanada. Wengi hulipia mzigo wa ziada kusafirisha randa na misumeno ya umeme. Ni hasara tupu. Umeme wa nyumba za kule ni volti 120, wetu hapa Kenya ni 240. Mashine hiyo itazunguka kwa ulegevu na haitakata mbao. Mwachie nduguyo aendelee kujipatia riziki nayo.

Patasi na randa ya mkono, hizo nenda nazo. Makali uliyoyanoa mwenyewe kwa miaka huyapati dukani. Yafunge kwa turubai na uyaweke kwenye begi la kupakiwa chini, maana ukiyabeba mkononi hayapiti ukaguzini. Ukiwa na keekee ya betri, betri zake za akiba ni kinyume: hubebwa mkononi, na zikizidi wati-saa 100 uombe idhini ya shirika la ndege.

Kinachoniuma ni mawakala wanaopokea ada bila kugusia vifaa. Nawasihi waandike kwenye mkataba nani atavinunua, mwajiri au fundi. Nawe kijana, usitie sahihi kabla hujalisoma jibu hilo.

Fundi seremala,
Nakuru