Msiwauzie watoto pikipiki kuukuu kama chuma chakavu

Mwanangu mdogo anaishi Fort Worth. Mwezi uliopita alinipigia simu hapa Houston, mnyonge kabisa. Pikipiki yake, Honda Rebel 250 ya mwaka 1986, imegoma kuwaka. Gereji aliyoipeleka hawakuigusa. Wamemwambia ni ya zamani mno, bora aiuze vyuma.

"Baba, nifanyeje?"

"Usiuze. Jumamosi nakuja."

Tatizo lilikuwa dogo. Petroli ililala ndani ya kabureta miezi mitatu, ikaganda na kuziba kitundu chembamba. Tulifungua kabureta, tukasafisha, tukabadilisha plagi mbili na oili, tukakaza cheni. Spana chache, bisibisi na matambara. Kabla ya Alasiri ikanguruma. Mwenyewe alifungua kila nati, mimi kazi yangu ilikuwa kuelekeza na kunywa chai.

Urahisi ule si bahati. Injini inapozwa na upepo, haina rejeta wala kompyuta. Vali unazirekebisha kwa skrubu na nati yake. Wajapani waliifikiria hali hiyo mapema. Honda Super Cub ilitoka mwaka 1958, na ilipofika 2017 zilikuwa zimeshatengenezwa zaidi ya milioni 100. Miaka ya sabini wakaleta CG125, iliyoundwa makusudi kwa nchi kama zetu, ambako oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Nilipokuwa mwalimu kijana kwenye shule ya misheni, Honda ya shule tuliitengeneza wenyewe chini ya mwembe, maana fundi alikuwa mbali.

Sisemi pikipiki mpya ni mbaya. Breki zao zina msaada wa kompyuta unaookoa maisha, hilo sibishani nalo. Ninachosema ni kwamba ile kuukuu inamfundisha kijana kujua anachokipanda.

Na hapa Texas jambo hili limekuwa zito zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2025, ukaguzi wa usalama wa kila mwaka umefutwa kwa vyombo visivyo vya biashara. Wengi walifurahi kuokoa muda. Lakini jiulize: tairi iliyokwisha, ataiona nani kabla ya wewe kuingia barabara kuu ya I-45 katikati ya malori? Ni wewe tu, umechutama uani na tochi.

Nyinyi ndugu zangu wa Muscat, Dubai na Doha, najua mazoea yetu. Kitu kikilia kidogo, kinapelekwa gereji, na kijana anabaki na simu mkononi. Mkono haujui hata spana namba kumi. Wallahi huko si kumpenda mtoto. Kwa vumbi na joto la huko, chujio la hewa na cheni peke yake ni darasa la kutosha.

Anzeni na mambo matatu kila wiki: upepo wa tairi, kiwango cha oili, na ulegevu wa cheni kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Breki zikiwa na shaka, muone fundi, msijaribu. Mengine, kaeni na kijana mfungue pamoja. Mwacheni achafuke mikono. Mtazungumza mengi ambayo mezani hayasemeki. Mimi na wangu tulizungumza siku nzima, na tulikuwa hatujafanya hivyo tangu ahamie Fort Worth.