Takwimu Zetu Zimo Kabatini

Kwa miaka 19 nilifanya kazi katika ofisi ya msajili wa chuo kikuu kimoja hapa nchini, na funguo za kabati la kumbukumbu za wanafunzi zilikaa mfukoni mwangu. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba ninawarushia wenzangu mawe nikiwa nimesimama mbali. Baadhi ya mawe haya yataniangukia mimi mwenyewe.

Siku moja alinijia kijana aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya elimu. Alitaka kujua jambo moja tu: je, wanafunzi waliotoka shule za sekondari za kata wanaacha masomo ya sayansi chuoni kuliko wenzao waliotoka shule nyingine? Na kama wanaacha, je, wanaacha kwa kufeli au kwa kukosa fedha? Alihitaji kuona shule aliyotoka mwanafunzi, alama zake za kidato cha sita, kiwango cha mkopo wake na mwaka alioondoka. Yote hayo yalikuwamo kabatini. Nikamwambia, "Taarifa hizi ni siri. Lete barua." Akaleta. Nikamwambia barua ielekezwe kwa mkubwa wangu. Akaiandika upya. Mkubwa akasafiri, akarudi, akasafiri tena. Mwezi wa tano kijana akaja kuniaga. "Shikamoo Mzee," akaniambia kwa adabu, "nimebadili mada. Sasa nitaandika juu ya maoni ya wanafunzi kuhusu huduma za maktaba."

Baada ya muda walikuja wageni wa mradi mmoja kutoka ng'ambo. Walikuwa na barua kutoka juu, na walikuwa na posho. Kabati lile lile nililifungua mwenyewe ndani ya wiki moja. Nikasaini, nikapokea bahasha, nikaenda zangu nyumbani. Ripoti yao sijapata kuiona mpaka leo.

Ndugu msomaji, kila watafiti wa elimu ya juu wanapokutana, kilio ni kile kile: hakuna fedha, hakuna mafunzo. Sisemi kwamba kilio hicho ni cha uongo. Ninachosema ni kwamba tunaomba mtungi wa maji kwa jirani huku kisima chetu tumekitia kufuli.

Chukua mafunzo. Semina huwa ya siku tano, hotelini, na kijana hufundishwa kuchambua takwimu kwa kompyuta. Lakini takwimu anazofanyia mazoezi ni za vyuo vya Marekani. Kwa nini? Kwa sababu za Marekani zinapatikana. Kule chuo kinachotaka wanafunzi wake wapate msaada wa masomo wa serikali kuu hulazimika kisheria kujaza taarifa za udahili, wahitimu, ada na wafanyakazi katika mfumo uitwao IPEDS, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Chama cha Association for Institutional Research kimekuwa kikifundisha watu kuzitumia, na kwa miaka mingi kiliendesha mpango wa ruzuku kwa watafiti. Basi kijana wetu anarudi nyumbani akiwa fundi wa kuvichambua vyuo vya Ohio, wala hawezi kutuambia ni wasichana wangapi kutoka Kigoma walioanza uhandisi na ni wangapi waliomaliza.

Sisemi tuwaabudu Wamarekani. Mwaka 2025 serikali yao yenyewe ilivunja mikataba mingi ya utafiti wa elimu na kuwaachisha kazi karibu wafanyakazi wote wa kituo chao cha takwimu za elimu. Kama nyumba ya tajiri yaweza kubomolewa kwa miezi michache, sisi tunaoegemea ukuta wake tutaangukia wapi?

Na fedha ni vivyo hivyo. Sweden imesaidia utafiti Tanzania tangu miaka ya 1970, na wasomi wengi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamepata shahada zao za uzamivu kwa msaada huo. Tunashukuru. Lakini mwaka 2023 serikali ya nchi hiyo ilisitisha ghafla fungu la utafiti wa maendeleo lililokuwa likigawiwa kupitia Baraza lake la Utafiti. Haikutuuliza, wala haikuwa na wajibu wa kutuuliza, kwa maana fedha ni zake. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 2007 na 2017, mradi wa HERANA ulioratibiwa kutoka Cape Town ulikusanya takwimu za vyuo vikuu 8 vya Afrika, vikiwemo Dar es Salaam, Makerere na Nairobi. Ilikuwa kazi njema. Iliwafanya wakuu wa vyuo wajitazame: wahadhiri wangapi wana uzamivu, wanafunzi wangapi wa uzamivu wanamaliza. Ilisimama kwa fedha za wafadhili, na ilikuwa na tarehe ya kuisha. Jambo la kujiuliza ni kwa nini kujihesabu wenyewe kuwe mradi wa miaka kadhaa badala ya kuwa desturi ya kila mwaka.

Najua majibu nitakayopewa, maana niliyatoa mimi mwenyewe. La kwanza ni siri ya mtu. Ni jibu zito, na tangu Mei 2023 tunayo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Lakini mtafiti hahitaji jina, wala namba ya usajili, wala simu ya mzazi. Ondoa hayo. Na pale ambapo wilaya imetoa msichana mmoja tu katika darasa zima, hata bila jina atajulikana. Basi unganisha wilaya ziwe mkoa, au mikoa iwe kanda. Karani mwangalifu anaweza kufundishwa kazi hiyo kwa wiki mbili. Siri ya mtu ni jambo la kulindwa, ila mimi niliitumia kulinda kufuli.

Jibu la pili halisemwi kwa sauti: takwimu zitatuaibisha. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa ikawatia watu hofu ya kutangaza hesabu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 ikalegezwa. Sheria ililegea, lakini hofu imebaki mioyoni. Na aibu ipo kweli. Katika makabati yetu mkoa mmoja umeandikwa "Dar", "DSM" na "Dar es Salaam" kana kwamba ni mikoa mitatu. Mwanafunzi aliyeahirisha mwaka kwa ugonjwa huandikwa kama aliyeacha masomo. Aliyehamia chuo kingine huhesabiwa mara mbili. Makosa hayo yatarekebishwa lini, kama hakuna mtu anayeyasoma?

Kwa hiyo nasema hivi. Mafunzo yaanze kwa makarani wa usajili kabla ya madaktari wa falsafa, maana karani akikosea, profesa anachambua makosa. Yafanyike ofisini, juu ya takwimu zetu wenyewe. Kila chuo kitoe kila mwaka jalada moja lisilo na majina, na mwanafunzi wa uzamili alipate bila kupiga magoti. Na sehemu ndogo ya fedha za utafiti za ndani itengwe kwa ruzuku ndogo ndogo: nauli ya basi, chakula cha miezi mitatu, na mtu wa kumwelekeza. Kijana wangu yule hakuhitaji tiketi ya ndege. Alihitaji funguo.

Hili si suala la wasomi peke yao. Fomu ya mkopo wa elimu ya juu humwuliza mwombaji juu ya vifo vya wazazi, juu ya ulemavu, juu ya kaya kusaidiwa na TASAF. Mtoto wa maskini anatuandikia umaskini wake wote kwenye karatasi. Akihitimu na kuajiriwa, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, hukatwa 15% ya mshahara wake. Ana haki ya kutaka maelezo hayo yatumike kujibu swali lake: je, wenzake wa hali yake wanafika mwisho, au wanaanguka njiani na kubaki na deni bila shahada?

Swali hilo liliwahi kuletwa mezani kwangu, likiwa limeandikwa vizuri, na mimi nikaomba barua. Siku ya kustaafu nilikabidhi funguo kwa mtu mwingine. Wewe uliye nazo sasa, atakapokuja kijana mwingine usimwambie alete barua ya tatu. Mpe kiti, ufungue kabati.