Kinachofundisha kwa Masista si Kiingereza

Tanzania ina mtakatifu mmoja ambaye hayumo katika kalenda ya Kanisa. Anaitwa Kayumba, na wanaomtaja huwa wanacheka. Mtoto anayesoma "Mtakatifu Kayumba" ni yule wa shule ya msingi ya serikali, isiyo na basi la njano wala sweta yenye nembo. Watakatifu wa kweli majina yao yako kwenye mageti ya shule za majimbo na za mashirika ya masista, kuanzia Shinyanga hadi Geita. Pale Tinde, kwenye njia panda ambapo malori yanayotoka Nzega huamua ama kwenda Shinyanga na Mwanza ama kushika barabara ya Kahama kuelekea Rwanda na Burundi, mzazi akipata fedha kidogo (pamba imelipa, ng'ombe wamepata bei mnadani, duara la dhahabu limetema huko Mwakitolyo), hana mjadala mrefu. Ataezeka nyumba kwa bati, kisha atamtoa mtoto kwa Kayumba ampeleke kwa masista. Ukimuuliza kwa nini, jibu liko mdomoni: kule wanafundisha kwa Kiingereza.

Mara nyingi uamuzi huo ni sahihi. Kilichooza ni sababu. Na sababu ikioza, haiishii kwenye maongezi ya kijiweni, kwa kuwa shule husikiliza kile mzazi anachodhani anakilipia na kukikuza hicho, hata pale kinapomchelewesha mtoto.

Siku ya kawaida ya shule ya msingi ya Kikatoliki inajulikana. Asubuhi watoto wanafagia, wanapanga mstari, wanasali, wanakaguliwa kucha na soksi. Kengele ya kipindi cha kwanza ikigongwa, mwalimu ameshaingia. Darasani wamo watoto arobaini, pengine pungufu, na kitabu cha hesabu hakigombaniwi na watu sita. Saa nne kuna uji. Saa sita inasaliwa Malaika wa Bwana, na baadaye kidogo sufuria ya makande au ugali na maharage inafunuliwa. Daftari la kazi ya nyumbani lililokusanywa jana linarudi leo likiwa na kalamu nyekundu, na mwalimu mkuu, ambaye mara nyingi ni sista, ana tabia ya kupita madirishani bila kutangaza. Kuna kipindi cha dini, kuna kwaya, kuna shirika la watoto la Utoto Mtakatifu, ambako mtoto mwoga hupewa igizo la dakika tano na kulazimika kusema mbele ya wenzake. Katika orodha yote hiyo, Kiingereza kimefanya kazi gani?

Kwa Kayumba mambo ni mengine. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini katika mkoa wa Geita, ambako dhahabu huvuta watu kila mwaka, darasa la watoto zaidi ya mia moja si habari ya kushangaza. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto walimiminika kuliko madawati, na hilo lilikuwa jambo jema lililokuja bila vyumba vya kutosha. Benki ya Dunia ilipofanya ukaguzi wa kushtukiza katika shule za msingi nchini mwaka 2014, ilikuta karibu nusu ya walimu waliopaswa kuwa wanafundisha hawamo darasani, ingawa wengi wao walikuwepo shuleni. Si uvivu tu. Mwalimu huyohuyo anasimamia mtihani wa kata, anaandika taarifa za halmashauri, anapokea wageni wa mradi. Lakini kwa mtoto aliyekaa chini akisubiri, tofauti kati ya mwalimu mvivu na mwalimu mwenye shughuli nyingi haionekani.

Hilo ndilo pengo kati ya geti moja na lingine: saa za kufundishwa, idadi ya watoto, kitabu, chakula, na mtu anayefuatilia. Badilisha lugha ya shule ya masista iwe Kiswahili kesho asubuhi, vyote hivyo vitabaki. Mpe Kayumba Kiingereza na umwachie watoto 120 katika chumba kimoja, hakuna kitakachopona. Halmashauri ambazo siku hizi zinafungua shule zao za mchepuo wa Kiingereza zingefaa kulifikiria hili kabla ya kupaka rangi ukuta.

Wapo watakaotoa matokeo ya mtihani wa darasa la saba kama ushahidi. Ushahidi huo una walakini. Shule nyingi binafsi huanza kwa kumpima mtoto kabla ya kumpokea, na baadhi humkaririsha au kumwondoa anayetishia kushusha wastani, jambo ambalo wizara imelikataza na ambalo halijakoma. Ukichagua wachezaji kabla ya mechi, usisifu jezi. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliamua kuacha kutangaza shule kumi bora, na kelele zilizofuata zilionyesha ni nani hasa alikuwa akifaidika na orodha ile: waliokuwa na mabango ya kuchapisha.

Basi Kiingereza hakijengi. Je, kinabomoa? Katika madarasa ya chini, ndiyo, na hapa ndipo imani ya wazazi inapogeuka kuwa hasara.

Mtoto wa vijiji vinavyoizunguka Tinde amelelewa kwa Kisukuma. Amehesabu ng'ombe wa babu yake kwa Kisukuma, ametazama kaka zake wakicheza isolo na kujua, bila kufundishwa, kwamba kete nne zikigawanywa mashimo manne haibaki kitu mkononi. Kiswahili amekiokota sokoni, kanisani na kwenye redio. Anapoingia darasa la kwanza la mchepuo wa Kiingereza akiwa na miaka sita, anakutana na lugha ya tatu, na ndiyo anayotakiwa kujifunzia kusoma. Ukutani herufi ya kwanza imechorewa tufaha, tunda ambalo Tinde huliona likishuka kwenye basi, wakati mwembe umesimama nje ya dirisha. Watoto wanaitikia kwa pamoja, kwa sauti nzuri na mdundo usiokosea. Mzazi anayechungulia siku ya kikao anafurahi hadi anasahau kuuliza kama kuna hata mmoja anayeweza kusema kitu ambacho hakikuimbwa.

Kisha hufika darasa la nne. Mwanafunzi anaandika maana ya usanisinuru kwa Kiingereza bila kukosea nukta, na akiombwa aeleze kwa nini mahindi yaliyopandwa chini ya mti hunyauka, anainamisha kichwa. Hakukosa akili, na huenda jibu analo. Hana lugha ya kulitolea, kwa sababu ile anayoijua imepigwa marufuku kuanzia getini, kwa kibao cha kuvaa shingoni, faini au fimbo. Darasa la namna hiyo huwa kimya sana, na kimya hicho huitwa nidhamu.

Wataalamu wameliona jambo hili kwa miaka. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa LOITASA, uliowakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Martha Qorro, na wenzao wa Afrika Kusini na Norway, ulilinganisha somo lilelile likifundishwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Katika vyumba vya Kiswahili wanafunzi waliuliza, walibishana, walitoa mifano ya nyumbani. Mradi wa SPINE nao ukawapa wanafunzi maswali yaleyale kwa lugha tofauti, na waliokuwa wameacha karatasi wazi wakaanza kujibu. Hao walikuwa wanafunzi wa sekondari, wenye umri na miaka saba ya shule mgongoni. Wa darasa la kwanza ana nini cha kushikilia? Hata huko malori yanakoelekea, Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza ghafla, ikarudisha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya mwanzo mwaka 2011, ikabadili tena mwaka 2019. Nchi haiyumbi hivyo kwa jambo lililo rahisi.

Na mkoa wa Shinyanga wenyewe umewahi kujaribu njia nyingine. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioendeshwa katika shule za serikali za mikoa kadhaa ukiwemo huu, uliwaandaa watoto wasiojua Kiswahili vizuri kabla ya kuanza shule kwa hadithi, nyimbo, michezo na maongezi. Mtaala wa KKK wa mwaka 2015 uliliondoa somo la Kiingereza katika darasa la kwanza na la pili ili mtoto asome, aandike na ahesabu kwanza. Watu wa shule za Kiingereza walicheka: Kayumba wanaimba na kupanga vizibo vya soda. Naam, mtoto anayepanga vizibo kumi kumi na kufungua fungu zima ili apate vya kutoa ameielewa kutoa kwa kukopa. Aliyeikariri kwa Kiingereza ameielewa lini?

Mzazi wa Tinde hata hivyo si mjinga, na makala za mijini zinazomsema kama mshamba wa kupenda uzungu hazimtendei haki. Ameona watoto wa jirani, hodari wa darasa la saba, wakifika kidato cha kwanza na kuzama, kwa sababu siku hiyo karibu kila somo limegeuka lugha. Mtego huo umetegwa na serikali. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifuate, ikakataliwa. Sera ya elimu ya 2014 ikarudia jambo hilo kwa maandishi, na kidato cha kwanza bado ni Kiingereza. Mzazi anajaribu kuuruka mtego kwa kuanza mapema. Kosa lake ni kudhani kuanza mapema ndiko kufika mapema. Mtoto huokota lugha haraka pale anapozungukwa na wanaoizungumza. Kiingereza cha Tinde huishia getini, na mwalimu anayekifundisha mara nyingi amesoma kwa Kayumba yeye mwenyewe.

Baadhi walikuwa tayari kwenda mbali zaidi, wakiwapeleka watoto wa miaka mitano bweni ili wasichafuliwe na Kisukuma cha nyumbani. Machi 2023 wizara ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na ilifanya vizuri.

Linaloshangaza ni Kanisa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwataka wamisionari wake waongee lugha ya wenyeji badala ya kuwasubiri wenyeji waongee Kifaransa. Waliofika Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883 walikaa chini wakajifunza Kisukuma. Katika miaka ya 1950 Padri David Clement, Mkanada, aliingiza ngoma na nyimbo za Wasukuma katika ibada pale Bujora. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa lugha za watu katika liturujia, mwaka 1963, Usukumani hakuna aliyeshangaa. Jumapili parokiani, mtoto wa Tinde anahubiriwa kwa lugha anayoielewa, kwa sababu Kanisa liliona kwamba wokovu usioeleweka haumfikii mtu. Jumatatu, katika shule ya Kanisa hilohilo, sehemu za desimali anafundishwa kwa lugha asiyoielewa.

Meneja yeyote wa shule hizi ana jibu, na ni jibu zito: akitangaza peke yake kwamba darasa la kwanza hadi la nne litafundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kitakuwa somo la kila siku chini ya mwalimu anayekimudu, wazazi watakuwa wamehamia shule ya jirani kabla ya Pasaka. Mishahara italipwa na nini? Ndiyo maana hatua hii haiwezi kuachiwa sista mmoja mwenye deni la maharage. Shinyanga na Geita ni majimbo ya kanda moja ya Mwanza. Maaskofu wake hukutana, ofisi zake za elimu zinafahamiana, na shule zake zinawagombea wazazi walewale wa pamba na wa machimboni. Zikibadilika zote katika muhula mmoja, kwa ada ileile na uji uleule, mzazi wa Tinde hatakuwa na masista wengine wa kukimbilia.